Ufunguo Ndani ya Gorogoro

Mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu huwa ninalo, lakini linakaa kooni mpaka mwingine alitaje, halafu naandika pembeni ya daftari kwamba nilijua. Kwa hivyo haya yaliyotokea Usenge, ufuoni mwa ziwa, nayaandika pia, ingawa safari hii kuna mtu aliumia kwa sababu ya jibu langu kukaa kooni.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu. Mama yangu anafanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Tunaishi Kisumu, upande wa Mamboleo, lakini omena anazinunua Usenge asubuhi boti zinapoingia. Zinaanikwa pale pale mchangani juu ya nyavu kuukuu, na zikikauka nyingine anawauzia watu wa lori, nyingine anazileta sokoni Mamboleo kwa gari lake. Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya kijivu iliyotoka Japani ikiwa imetumika, na harufu ya omena ndani yake haitoki hata uache madirisha wazi wiki nzima. Lilikuja na ufunguo mmoja. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza wa pili uko wapi.

Anayemwanikia Mama omena ni mwanamke wa makamo aliyeanza kuzeeka, na sisi sote tunamwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, ingawa si wa ukoo wetu. Amefanya kazi na Mama tangu nikiwa darasa la pili. Dani anajua omena zimekauka kwa kuzisikiliza. Anachota kiganjani, anazitikisa karibu na sikio, kisha anasema bado au anasema tayari, na Mama hapingi. Mimi alikuwa ananiita nyathina, mtoto wangu, na kunichagulia omena kubwa kubwa za kutafuna nikimsaidia kugeuza.

Siku hiyo jua lilikuwa kali mpaka saa saba. Mnunuzi mmoja wa Port Victoria, anayepeleka omena mpakani, alikuwa na lori lake pale akingoja magunia kumi na moja. Tulikuwa tumefunga saba. Ndipo upepo ukageuka. Watu wa Usenge hawatazami mawingu, wanatazama maji. Maji yakiwa meusi kule mbali kama sufuria ya kuni, kila mtu anaanza kukimbia, kwa sababu omena zilizo nusu kavu zikinyeshewa, hizo ni za kuku tu.

Mama akanirushia ufunguo nilete turubai. Nikafungua buti, nikatoa turubai, nikafunga gari, nikarudi mbio. Sketi yangu haikuwa na mfuko. Dani alikuwa ameshika ncha moja ya wavu, akaniambia nishike ile nyingine, na wavu wenye omena haushikwi kwa mkono mmoja. Mbele yangu kulikuwa na gorogoro, ule mkebe mkubwa wa kupimia, umesimama mtupu mchangani. Nikaudondosha ufunguo humo. Niliona ni mahali salama kabisa. Mkebe unang'aa, kila mtu anauona, nani ataupoteza?

Mkebe haukupotea. Mama mwenyewe aliudaka, akauzamisha katika rundo la omena bila kuchungulia ndani, akamimina kwenye gunia, akazamisha tena. Watu walikuwa wanapiga kelele, turubai linapigapiga kwa upepo. Hakuna aliyesikia chuma. Magunia manne yakashonwa midomo kwa haraka, yakarushwa juu ya lori, lori likaondoka kabla barabara haijalowa. Mvua yenyewe ikanyesha dakika chache tu, kama iliyotumwa kutusumbua, ikaenda zake.

Ndipo Mama akasema, "Lete ufunguo twende."

Nataka kuandika sehemu hii kwa ukweli. Mama alipouliza, sikujua uko wapi. Gorogoro nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikaona watu wamenitazama, na ulimi wangu, ambao kwa kawaida hautoki, siku hiyo ukatoka haraka kuliko akili. Nikasema niliuweka pale kwa kiti anachokalia Dani akichambua omena. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kiti kilikuwa kinaonekana, na nilitaka kuwa na jibu. Baada ya nusu saa hivi niliona gorogoro imelala kifudifudi juu ya magunia matupu, na mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Lakini wakati huo mambo yalikuwa yameshaharibika.

Mama hakumwita Dani mwizi. Alimuuliza tu kama hakuuona. Tulifukua mchanga kuzunguka kiti, tukainua nyavu, tukapekua turubai. Akamuuliza mara ya pili. Mara ya tatu alimuuliza kwa Kiswahili, na wao siku zote huongea Kijaluo. Kila aliyekuwa karibu alielewa maana ya kubadilisha lugha namna ile. Ilikuwa ni kama kuweka meza ya ofisi katikati yao.

Dani akasimama. Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaishika kwa ncha mbili, akaikung'uta mara mbili mbele ya watu wote. Magamba machache ya samaki yakaanguka, basi. Akageuza na ule mfuko mdogo wa kitambaa anaotunzia miwani. "Mmeona," akasema, naye kwa Kiswahili. Akajifunga leso, akaketi, akaendelea kuchambua omena zilizolowa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kama tano kutoka kwake, na gorogoro iko pale, na jibu liko pale kooni. Sikusema.

Ushauri ulikuja mwingi. Fundi wa injini za boti, mtu mmoja mrefu anayependa mzaha, alizunguka gari letu akalipiga mgongoni kama ng'ombe, akasema yeye injini anaivuta kwa kamba, sasa hii yetu kamba yake iko wapi. Kisha akasema kwa dhati kwamba anaweza kuvunja pale pa kuwashia aunganishe waya, alishaona ikifanywa. Mama alikaribia kukubali. Mchuuzi mmoja wa samaki akamzuia, akampa namba ya fundi wa funguo wa Kisumu aliyemsaidia mwaka uliopita. Sauti iliyojibu kwenye simu ilikuwa ya mwanamke, polepole, kana kwamba hakuna haraka yoyote duniani. Ilisema tusivunje kitu. Tukivunja, atatengeneza ufunguo sawa, halafu bado tutatafuta mtu wa kutengeneza tulichovunja. Angefika kesho asubuhi.

Tulilala kwa shangazi yangu Bondo, na gari likabaki chini ya macho ya mlinzi wa ufuoni. Asubuhi tulipofika, Dani alikuwa wa kwanza pale, ameshatandaza omena za Mama kama kawaida. Mama akamsalimia. Akaitikia. Akarudi kwenye kazi yake.

Fundi alikuja kwa bodaboda, na sanduku la bati miguuni, lile la wanafunzi wa bweni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, buti za kazi, na Kiswahili cha watu wa upande wa Kakamega, maana Kijaluo alijua salamu tu. Yule fundi wa boti akamtazama juu mpaka chini, akatangazia watu kwamba tumeitisha fundi tumeletewa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Mwanafunzi amefika na sanduku lake," fundi akasema. "Gari iko wapi?"

Watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa ni yule yule fundi wa boti. Mimi nilishangaa jinsi alivyojibu bila kupandisha sauti. Mimi nikitaniwa huwa nakosa usingizi.

Kabla hajafungua sanduku aliomba kitambulisho cha Mama na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Mama akachukia. Akasema bichi nzima, ufuo wote ule, inamjua yeye na gari lake, waulizwe.

"Bichi inakujua, Mama. Mimi sikujui," fundi akasema. "Kama ningekuwa natengenezea kila mtu ufunguo kwa sababu marafiki zake wamesema gari ni yake, siku moja ningekuja kuibia mtu kama wewe."

Nikaona kwamba maneno yale yamemwingia Mama vizuri. Akampigia Baba aliyekuwa nyumbani Kisumu, naye akatuma picha ya logibuku kwa simu. Fundi akasoma namba kwenye picha, akasoma namba kwenye bamba la gari, akatazama kitambulisho kisha uso wa Mama. Hapo ndipo akapiga magoti mchangani mbele ya mlango wa dereva.

Aliingiza kwenye tundu la mlango kifaa chembamba chenye mistari midogo kama rula, akafumba macho. Kweli, alifumba. Mkono mmoja ulikuwa unasukuma kidogo kidogo, mwingine una kalamu, na kila baada ya muda anaandika tarakimu kwenye kijitabu bila kutazama sana. Nilisogea bila kujijua. Akaniambia, macho bado yamefungwa, kwamba ndani ya kufuli kuna vibati vidogo vimepangana, kila kimoja na kimo chake. Meno ya ufunguo kazi yake ni kuviinua vyote vilingane kwa mara moja, hapo kufuli linazunguka. Yeye alikuwa anavisoma kimo kimoja kimoja. Nilikuwa nimeushika ufunguo wa Mama mara elfu na sikuwahi kujiuliza kwa nini meno yake hayalingani.

Mlango ukafunguka bila kukwaruzwa. Hata hapo hakuanza kukata. Alitafuta kwanza kile kibamba chenye namba ya chesisi, akailinganisha na logibuku. Kisha akatoa mashine ndogo na betri yake, akafunga ufunguo mpya usio na meno, akaukata kwa kufuata tarakimu zake. Unga wa chuma ulimwagika kwenye kitambaa alichotandika, wala hakuuacha mchangani, alikikunja akakiweka sandukuni. Akampa Mama ufunguo aujaribu.

Ukaingia. Ukazunguka. Injini ikawaka, watu wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha ikazima. Mama akajaribu tena. Ikawaka kwa pumzi moja, ikazima. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu inayopepesa.

Fundi alikuwa ametulia, maana ndivyo alivyotarajia. Akafungua kichwa cha plastiki cha ufunguo mwingine, akatuonyesha kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi. Ile ni chipu. Haina betri, betri iliyomo ni ya rimoti ya milango tu. Ukiingiza ufunguo, pete ya waya iliyozunguka tundu la kuwashia inaiamsha chipu, chipu inataja namba yake, na kompyuta ya gari inaangalia kama namba hiyo inaifahamu. Isipoifahamu, injini inanyimwa. Meno yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado gari likakataa.

Fundi wa boti akainama akaitazama ile punje kwa muda. "Kumbe jana na waya zangu ningekuwa naiambia nini hii gari," akasema, na safari hii hakuwa anafanya mzaha.

Kisha fundi akachomeka kifaa chake chini ya usukani, kama simu nene yenye waya, na kabla hajabonyeza akauliza lile swali.

"Ule wa zamani uko wapi?"

Mama akasema si umepotea. Fundi akasema kupotea ni kwa namna nyingi. Kama uko chini ya ziwa, yeye ataongeza huu mpya basi, ule wa chini hausumbui mtu. Kama uko mkononi mwa mtu, itabidi afute namba zote za zamani, na hata kufuli za milango zibadilishwe upesi, kwa sababu kompyuta inasahau lakini chuma hakisahau, ule wa zamani utaendelea kufungua mlango.

Mama akatazama kule kwenye nyavu. "Kuna mtu anajua uko wapi," akasema.

Dani hakugeuka. Alikuwa ameinama akitandaza omena, na mkono wake ukasimama hewani.

Fundi akauliza nani aliushika mwisho. Mama akaninyoshea kidole. Fundi akateremka garini, akanijia karibu, akasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka:

"Mimi siulizi nani ana makosa. Hiyo si kazi yangu. Nauliza ili nijue nifute nini. Wewe usiseme kitu. Nionyeshe tu kwa mikono, kuanzia pale ulifungua buti."

Mpaka leo sijui alijuaje kwamba hilo naliweza. Nikaenda nyuma ya gari. Nikafungua buti, nikabeba turubai lisilokuwepo, nikafunga, nikazungusha ufunguo usiokuwepo. Nikakimbia kidogo, na kwa kweli nilikimbia, ingawa nilijua naonekana mjinga. Nikafika kwenye wavu. Nikajiona mkono wa kulia unashuka chini upande wa kulia, vidole vinafunguka, kisha mikono yote miwili inashika wavu. Pale kiti kilipokuwa sikupita hata kwa mbali. Kila aliyekuwa anatazama aliona hivyo.

"Niliuweka kwa gorogoro," nikasema.

"Sema tena," fundi akasema, "upepo umechukua."

Nikavuta pumzi. "Niliuweka kwa gorogoro. Si kwa kiti. Dani hakuugusa."

Sikumbuki kama niliwahi kusema jambo kwa sauti kubwa namna ile mbele ya watu. Mama alitazama gorogoro, akatazama kiganja chake mwenyewe. Nadhani alikuwa anahesabu mara alizochota. Aliniuliza kwa Kijaluo nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu jana. Sikumficha hata hilo. Nilingoja kofi au kelele, na hakuna kilichokuja, ila alivuta mdomo ndani kama mtu aliyeuma kitu kichungu.

Akampigia yule mnunuzi wa Port Victoria. Tulimsikia akicheka upande wa pili. Magunia yalishachanganywa na mengine ghalani, akasema, lakini atawaambia wanaomimina waangalie, na akipata samaki wa chuma atampigia. Fundi akauliza kama ufunguo ulikuwa na kitu chochote cha kuutambulisha. Hapo Mama akaona haya. Ulikuwa na kikadi cha plastiki, na juu yake yeye mwenyewe alikuwa ameandika namba ya gari kwa wino mzito, ili usichanganywe na wa watu wengine. Fundi akasonya kidogo, si kwa dharau. Alisema wateja wake wengi wanafanya hivyo, na ni kama kumwachia mtu asiyekujua ufunguo na ramani. Basi atafuta zote.

Akabonyeza. Akatuambia sasa tungoje kama dakika kumi na tano na mtu yeyote asiguse kitu, gari linasahau. Alisema hivyo hivyo, linasahau. Taa nyekundu ikawa inapepesa na sisi tumesimama kulizunguka kama watu wanaongoja mgonjwa.

Ndani ya dakika hizo Dani akaja. Alifuta mikono kwa leso, akasimama mbele ya Mama, na akaongea kwa Kiswahili, wazi, ili kila aliyekuwepo jana asikie.

"Jana nilikung'uta leso yangu mbele ya bichi yote. Leo wewe kung'uta yako."

Nilitamani mchanga unimeze. Mama ni mtu anayeheshimika pale, wanunuzi humpisha njia. Akafungua leso yake, akaishika kwa ncha mbili kama Dani alivyoishika, akaikung'uta. Kikaanguka kitambaa cha mkono, karatasi ya nyimbo za kanisa iliyokunjwa mara nne, na peremende mbili.

"Ufunguo hakuna," fundi wa boti akatangaza, "lakini peremende zipo."

Watu wakaangua kicheko, na Mama naye akacheka kwa aibu, mkono mdomoni. Dani akainama, akaokota peremende moja, akaimenya, akaitia kinywani, akarudi kwenye omena zake. Nyingine akaiacha pale pale. Mimi hakunitazama.

Taa ikaacha kupepesa. Fundi akaingiza ufunguo mpya, akautoa, akauingiza tena, akafuata maelekezo ya kifaa chake, kisha akanyanyua kichwa na kumwambia Mama awashe. Gari likawaka na likabaki limewaka. Lilinguruma kwa ile sauti yake ya kikohozi ninayoijua tangu utotoni, na nilishangaa kwamba sauti mbaya kama ile inaweza kunipendeza.

Hakuondoka papo hapo. Alikata ufunguo wa pili, akautambulisha kwa gari nao, akauweka kwenye kiganja cha Mama mbali na ule wa kwanza. Alisema kila wiki anapigiwa simu na mtu aliyekuwa na ufunguo mmoja. Huu usikae mkoba mmoja na mwenzake, wala nyumba moja kama inawezekana, ukae na mtu unayemwamini. Na namba ya gari isiandikwe tena. Kufuli ya mlango hakuwa nayo siku hiyo, kwa hivyo tusiache kitu cha maana ndani ya gari mpaka apate. Akafunga sanduku, akakung'uta mchanga magotini. Akipita karibu nami akaniambia mikono yangu inakumbuka vizuri na kwamba kazi yake inataka mikono ya namna hiyo. Niliyaandika maneno hayo jioni ile ile, nikayapigia mstari, kisha nikaona haya nikaufuta.

Wiki zilizofuata tulikuwa tunaenda Usenge kama kawaida. Dani alikuwa anaitikia salamu zangu. Aliniita msichana. Omena kubwa hakunichagulia. Nilimwomba msamaha mara moja, kwa Kijaluo, sauti ikiwa imenikauka. Akasema amesikia, akanipa upande wangu wa wavu nishike. Kazi alinifundisha vile vile kama zamani, hakuninyima. Nyathina tu ndiyo ilikuwa imeondoka.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, lori la Port Victoria likaja, na dereva akateremka na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ulikuwa ufunguo wetu, na kikadi chake, umegandana na omena mbili kavu kwenye pete. Mtu aliyekuwa anamimina alidhani ni kokoto.

Mama akanipa nikaujaribu. Mlango ulifunguka. Nikaketi kwenye kiti cha dereva, nikauingiza, nikauzungusha. Injini ikawaka kwa pumzi moja, ikazima, na taa nyekundu ikaanza kupepesa. Ufunguo tulioutumia miaka yote ile, gari lilikuwa haliujui tena. Nikajaribu mara ya pili, na ya tatu, si kwa kutumaini, ni kwa kupendezwa tu. Watu wakaja kuona. Fundi wa boti akauomba, akaujaribu naye, akatoka akitikisa kichwa, akasema yule mwanafunzi wa kidato cha kwanza si mchezo. Nilimfikiria amepiga magoti pale mchangani, amefumba macho, na kazi yake iko hapa inatukatalia sawasawa ingawa yeye yuko Kisumu.

Mama hakucheka na wengine. Alifungua mkoba, akatoa ule ufunguo wa pili, ambao siku zote hizo ulikuwa kwenye droo nyumbani hata mng'ao wake ulikuwa bado mpya. Akamwendea Dani akamnyoshea, mbele ya watu wale wale, na safari hii kwa Kijaluo. Alimwambia fundi alisema ukae na mtu anayeaminika.

Dani hakuupokea haraka. "Ukipotea?" akauliza.

"Ukipotea tutamwita fundi," Mama akasema. "Wewe hatutakuuliza."

Dani akaufikiria huo ufunguo kwa muda mrefu, kama anavyofikiria omena kiganjani. Akauinua karibu na sikio, akautikisa. Nadhani alikuwa anatania, lakini kwa Dani huwezi kuwa na hakika. Kisha akaufunga kwenye ncha ya leso, fundo la kwanza, la pili, la tatu, akaichomeka kiunoni.

Lori lilikuwa linangoja magunia. Nikaokota gorogoro mchangani nimpelekee Mama achote. Dani akaninyoshea mkono, nikampa. Akaigeuza mdomo chini, akaigonga kitako mara mbili kwa kiganja, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuna kilichoanguka.

"Sasa peleka, nyathina," akasema.